Jini wa Shafti ya Baba Mkwe

Bi Mshauri mpendwa, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko huu. Nisaidie, nimekwama baina ya chuma na wakwe.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Ukunda, na baba mkwe wangu, Mzee Mramba, ana mashine ya kusaga unga kule Kikoneni, sasa shafti yake, ule mhimili unaozunguka, ililika, fundi wa kuchomelea akaijaza chuma ikawa na manundu kama mgongo wa mamba, Mzee akaniletea niikereze iwe laini, nami mbele ya mashemeji nikajigamba kwamba nimenunua Mombasa visu vya kabaidi, vile ambavyo ncha zake zinafungwa kwa skrubu na hazinolewi, vigumu kuliko chuma chochote, nikasema, "Baba, wewe kunywa chai tu, ikiisha na kazi imeisha." Basi nikawasha mashine yangu ya kukereza, na shafti ile ina mfereji wa kukalia kabari, kwa hiyo kisu kinakata, kinapita hewani, kinagonga, kinakata tena, ta-ta-ta-ta, mara paa! ncha ikapasuka, kipande kikatumbukia kwenye kikombe cha shemeji yangu Salimu, nikafunga ncha nyingine nikapunguza mwendo kabisa nikidhani nakihurumia kisu, paa! nikafunga nyingine, nikawa namwagia maji ya sabuni kila nikiona moshi, paa! na Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ndicho kile kigumu kuliko chuma chochote?"

Hapo ulimi ukaniponza, kwani badala ya kusema nimeshindwa, nilisema, "Baba, shafti hii ina mtu ndani."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alirudi nyuma hatua, akauliza, "Mtu gani?" nami kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza nikasema ni jini, na habari ikafika Kikoneni kabla yake yeye mwenyewe, sasa mganga ameagiza mbuzi mweupe, wanawake wanaogopa hata kupita karibu na banda la mashine ingawa shafti bado iko kwangu, wamerudia kutwanga mahindi kwa mchi, na mke wangu Mbeyu amekwenda kumsaidia mamake, ameniambia, "Sirudi Ukunda mpaka mashine isage," na kinachoniua zaidi ni kwamba Mzee ananishukuru, ananiita mtu mwenye macho, anataka Ijumaa nikae na mganga nimwonyeshe jini amekaa upande gani. Nikisema kweli, nimeaibika. Nikinyamaza, mbuzi atachinjwa na jini mwenyewe ni mimi. Nifanyeje? Na tafadhali, jina langu usilichapishe.

Fundi, Ukunda

*

Marahaba, fundi.

Unaomba nifiche jina lako, na barua nzima umewataja mkweo, mkeo, shemejiyo na kijiji chao. Haya, nimelificha. Watu wa Kikoneni watakesha wakijiuliza ni nani huyu.

Mimi nimezoea kuulizwa mambo ya mapenzi, kwa hiyo nilimsomea barua yako Mwendwa, anayetengeneza mitambo inayochapisha gazeti hili. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mimi pia ilinipata. Ila mimi nilisingizia stima kukatika."

Anasema kabaidi ni ngumu kama sahani ilivyo ngumu: ukiigonga, huna sahani. Na mfereji ule unaigonga kila shafti ikizunguka. Kwa kupunguza mwendo hadi mashine ikajikokota hukukihurumia kisu, ulikiongezea mateso. Na kuimwagia maji ncha iliyopata moto, mara unamwaga mara unaacha, ni kuipasua mwenyewe. Tena ncha ulizonunua ni zile kali za kulainishia, si za kazi ya kugongwagongwa.

Kwa hiyo chonga kipande cha chuma laini, ukipachike kwenye mfereji kikaze, kisu kisipate pa kuanguka. Tafuta ncha nene yenye pua ya mviringo, ukifunge kisu kifupi kisichomoze sana, uache mashine iende mwendo wake, na maji uzime kabisa. Kama huna ncha hiyo, toa kisu chako cha zamani cha kunoa mwenyewe, na hicho ndicho ukiendeshe polepole. Najua unacho. Ulikificha kwa sababu hakivutii mbele ya mashemeji.

Hayo ya chuma yamekwisha. Sasa uongo wako. Wewe umekaa Ukunda na kalamu, wanaotwanga ni wanawake ambao hawakujigamba kwa mtu yeyote. Huoni haya? Nenda kabla ya Ijumaa, usingoje mbuzi afungwe kamba. Kaa na Mzee faraghani, umwambie, "Baba, jini hakuna. Kazi ilinishinda nikaona haya." Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na usithubutu kumwelezea habari za kabaidi. Kisha mwombe atoke nawe barazani, uyarudie maneno hayohayo mbele ya watu, kwa sababu waliotiwa hofu si yeye peke yake.

Ukimaliza, zunguka nyuma ya nyumba aliko Mbeyu. Usimwambie arudi. Mpokee mchi, utwange. Utatwanga vibaya, naye atacheka. Akicheka, funga mdomo wako, uendelee kutwanga.