Ingawa Alikuwa na Homa

Hatta, 5 Januari 2025

Shikamoo Babu Muhanna,

Natumai barua hii inakukuta umeamka vizuri, na koo halikusumbui sana baada ya ile operesheni. Binti yako, Da Taghreed, aliniambia kwa simu kwamba sasa unakunywa uji bila mrija. Nilifurahi. Mimi ni mzima, ila baridi ya milimani huku Hatta inaniingia mifupani. Watu wa huko Bur Dubai nikiwaambia hawaamini.

Karatasi ulizosahihisha nimezipata. Jamiru, dereva wa mayai, alizileta pamoja na makreti matupu akanitania, "Mzee wako leo kakulimia bustani." Ni kweli, Babu, wino wa kijani ulizidi mweusi. Nimeziandika upya safi zote, kama sheria yako inavyotaka, na hizi hapa zinarudi.

Sasa nina wasiwasi. Madam wangu amesema khalas, basi, nyumba ya wageni wanaiacha, na mwezi wa Juni wanarudi kwao Italia, Torino. Watoto wao ninaowalea wanataka niende nao. Lakini bila cheti cha Kiitaliano siendi, na mtihani ni tarehe 26 Aprili. Kwenye majaribio nilifanya vizuri kote isipokuwa sehemu ya kupinganisha mambo, ile ya ingawa hivi, lakini vile. Hapo nilipata sifuri. Madam alijaribu kunieleza akakwama, akasema, "Muulize mwalimu wako. Mimi nazungumza tu."

Babu, hii ni mara ya tatu nakuuliza juu ya neno benché. Kila nikiuliza unanipa somo jingine. Nimeshamaliza vyakula, saa, na viungo vyote vya mwili mpaka kisigino. Naomba hilo sasa.

Mjukuu wako,
Auleria


Bur Dubai, 12 Januari 2025

Marahaba mjukuu wangu,

Nimekupokea kwa furaha. Mie sijambo kwa kadiri ya umri. Sauti haijarudi, na dakta hasemi tena kwamba itarudi. Kwa hiyo kama ulikuwa ukingoja siku nikufundishe kwa mdomo, usingoje. Mtihani wenyewe ni wa kalamu na karatasi, na mkono ulioandika haukusahau. Ndiyo maana sitaki ujumbe wa simu.

Kazi yako safi ni nzuri. Makosa manne tu, yote ya haraka.

Kuhusu benché, tutafika inshallah. Kwanza nataka uimarike katika wakati uliopita. Nimekuandikia mazoezi ishirini.

Msalimie mama yako. Hukuniambia kama mgongo wake umepoa.

Babu yako,
Muhanna


Hatta, 2 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Salamu nyingi, na pole kwa koo. Mgongo wa mama haujambo. Mazoezi ishirini haya hapa, tayari. Benché iko wapi?

Usinione nina kiburi. Zimebaki wiki kumi na mbili. Nilimsimulia mama jambo hili kwenye simu, akasema, "Huyo mzee asiyetujua, kila wiki anakuandikia na hataki hata asante. Muulize anataka nini kwetu." Nikamwambia, mama, ni mtu mzima wa Unguja, mpole tu, alikuwa mkalimani zamani. Akasema, "Muulize hivyo hivyo."

Umsamehe. Haiamini Dubai, na sababu unaijua. Nilikuandikia kwenye zoezi la mwezi wa Septemba kwamba baba yangu alifia hapo nikiwa na miaka minane, na kwamba alianguka kutoka ghorofani akiwa amelewa kazini. Mpaka leo nikirudi Bukoba likizo, nikienda kuchota maji nasikia nyuma yangu, "Yule wa mlevi." Nikipata cheti hiki nitakuwa Auleria wa kitu kingine. Ndiyo maana nakusumbua.

Kama hulijui somo lenyewe niambie, sitacheka.

Mjukuu wako,
Auleria


Bur Dubai, 10 Februari 2025

Mjukuu wangu Auleria,

Nakusalimu wewe na mama yako Emiliana, na leo namtaja kwa makusudi. Afya yangu sikufichi. Mwezi uliopita dakta alimwambia Taghreed kuwa ni suala la miezi. Jana hakutaja miezi.

Somo lako ni hili. Ukitaka kupinganisha mambo mawili kwa Kiitaliano, anza na benché, au sebbene, au nonostante. Yote ni ingawa. Kitenzi chetu sisi baada ya ingawa hakishtuki. Twasema ingawa naumwa, nakwenda, basi. Chao hubadilika umbo na kuingia katika hali wanayoiita congiuntivo. Sono hugeuka sia. Benché sia malata, lavoro: ingawa ninaumwa, nafanya kazi. Kwa mambo yaliyopita, aveva hugeuka avesse. Ukitumia anche se, yaani hata kama, kitenzi kiache kama kilivyo. Wanafunzi wengi hudhani umbo hili ni la shaka, kwa kuwa ndilo litumikalo kwa dhana na matumaini. Hapa hamna shaka. Jambo ni kweli tupu. Msemaji analikubali, kisha analisogeza kando ili la pili lipite.

Kanuni yote ndiyo hiyo. Ningeweza kukuandikia mwezi wa Septemba kwa robo saa. Nimetunga mifano nikaichana, kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unaandika mmoja tu:

Benché avesse la febbre, l'ho fatto salire.

Ingawa alikuwa na homa, nilimpandisha juu.

Sentensi hiyo si yangu. Aliisema msimamizi mmoja Mtaliano, Agosti 2007, ndani ya ofisi ya bati kwenye ujenzi, katika kikao cha kuchunguza ajali. Mimi nilikuwa mkalimani wa kampuni. Mbele yangu walikaa wakubwa watatu, niliowatafsiria kwa Kiarabu, na Mtanzania mmoja jina lake Chacha, niliyemtafsiria kwa Kiswahili, maana ndiye aliyetakiwa asafiri na jeneza. Aliyelala kwenye jeneza hilo ni fundi wa vioo, Josephat, baba yako.

Kabla hatujaingia, arbab, mwenye kampuni, alinishika bega akasema, "Ustadh, maneno marefu yanachosha watu. Wape mafupi." Nilimwelewa. Kibali changu cha kuishi kilikuwa mkononi mwake, na Taghreed alikuwa mwaka wa mwisho wa skuli.

Msimamizi alizungumza huku analia. Alisema, "Josephat alikuwa anayumba kule juu. Ingawa alikuwa na homa, na asubuhi aliniambia mwenyewe, nilimpandisha, kwa sababu kioo kilishafika." Mimi nikatafsiri, "Alikuwa anayumba kule juu." Nikafunga mdomo. Yeye hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alinitazama akingoja niendelee. Mkubwa mmoja akauliza, "Amelewa?" Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilitazama meza. Chacha akainamisha kichwa akasema taratibu, "Jana kambini kulikuwa na pombe." Ikaandikwa. Wiki ya pili msimamizi akarudishwa kwao.

Nilifupisha maneno ili kulinda nyumba yangu, na wengine wakayaelewa vibaya.

Ulipoleta barua ya kwanza yenye jina lako kamili, nililitambua jina la baba yako. Nilidhani nikikufundisha vizuri itatosha. Haikutosha.

Fanya mtihani wako, hata kama hutaniandikia tena.

Sijui nitie neno gani hapa.
Muhanna


Bur Dubai, 3 Machi 2025

Auleria,

Natumai u mzima. Ramadhani imeingia, mie sifungi, dakta amekataa.

Jamiru amekuja mara tatu na mayai tu. Sina sauti, nikamwandikia kwenye kikaratasi, "Hajambo?" Akanijibu, "Hajambo. Hasemi."

Nimekuwekea karatasi za mitihani ya nyuma. Huna haja ya kuzirudisha.

Muhanna


Hatta, 22 Machi 2025

Mzee Muhanna,

Shikamoo sikupi leo. Habari za afya yako nimezisikia kwa Da Taghreed.

Wiki sita nimepika, nimefua, nimewapeleka watoto kuogelea, na kila mtu aliyenisemesha nilimwona mdomo tu. Miezi mitano ulikuwa ukinisahihisha. Nilikuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba baba yangu alikufa mlevi. Karatasi hiyo uliirudisha, nimeitafuta nikaipata. Ulisahihisha herufi moja. Neno mlevi uliliacha.

Sasa nafanya ulivyonifundisha. Karatasi yenye makosa haikai kwenye daftari. Inaandikwa upya, safi, inarudi. Barua yako ya Februari hiyo hapo. Sina wino wa kijani, nimetumia kalamu nyekundu ya watoto.

Palipoandikwa "nilifupisha", andika "nilidanganya".

Palipoandikwa "wengine wakayaelewa vibaya", futa. Waliyaelewa vile ulivyotaka.

Palipoandikwa "fundi wa vioo, Josephat", jina halijakamilika. Ni Josephat Rwegasira, umri miaka thelathini na mmoja.

"Nilitazama meza" paache hivyo hivyo.

Ukimaliza, usinielekezee mimi. Mwelekezee mama yangu, Emiliana, Bukoba. Chacha aliyasema yake matangani mbele ya watu wote, na kwaya ikakataa kuimba kaburini. Kwa hiyo na haya yasomwe mbele ya watu, Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya ya mtaa wetu. Kuna mtu wa kwetu anarudi likizo tarehe 8 Aprili, atabeba. Iwe kwa mkono wako, asiandike Da Taghreed. Mkono ulioandika haukusahau, si ndivyo?

Auleria Josephat Rwegasira


Bur Dubai, 1 Aprili 2025

Auleria binti Josephat,

Leo Idi ya tatu, nyumba imejaa watu na halua, nami niko chumbani na karatasi yako.

Nimeandika upya mara nne. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili ilimwagikiwa dawa. Ya tatu nilijikuta nimeandika tena "nilifupisha", nikaichana. Ya nne ndiyo hii. Nimeweka saini na dole gumba, kwa kuwa saini yangu ya siku hizi haifanani na ya zamani, na sitaki mtu aseme si mimi.

Nilimpa Taghreed asome kwanza, kwa kuwa naye alikuwemo. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Baba, skuli yangu usiiweke hapo kama sababu. Mimi sikukuomba." Nimeiondoa.

Hili la neno mlevi nililoliacha, ni kweli. Nililiona. Kalamu ilikuwa mkononi.

Sikuombi kitu. Kama una swali juu ya mtihani, uliza upesi.

Muhanna


Hatta, 4 Mei 2025

Mwalimu Muhanna,

Shikamoo. Da Taghreed anasema hukai tena, umelala, lakini macho yanaona na mkono wa kulia bado una nguvu kidogo. Pole sana. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Barua ilisomwa Bukoba tarehe 12. Mama alinipigia jioni yake. Uani palijaa, maana alipita nyumba kwa nyumba akisema ana ujumbe kutoka Dubai, watu wakadhani naolewa. Katekista alisoma. Alipofika mwisho mama akamwambia, "Soma tena pale pa homa." Akasoma. "Tena." Akasoma mara tatu.

Kuna jambo hukulijua. Jioni ya kuamkia siku ile baba alimpigia mama simu akamwambia anatetemeka, mwili wote unauma. Mama aliwaambia watu hivyo matangani. Wakamwona anamfunika mlevi wake, na baada ya miezi michache akaacha kusema. Miaka kumi na minane.

Chacha alipigiwa simu Musoma. Akasema, "Mimi nilibeba nilichopewa." Akakata.

Mzee Jairus ndiye aliyekuwa mkuu wa kwaya wakati ule. Sasa anatembea na fimbo mbili. Jumapili ya Pasaka aliwakusanya waliobaki, wanane, wakaenda kaburini wakaimba zile nyimbo tatu ambazo hazikuimbwa. Mama anasema waliimba vibaya mno, lakini walimaliza zote.

Sasa habari zangu. Mtihani niliufanya. Majibu bado. Swali la benché lilikuwepo, walitaka sentensi tatu. Moja niliandika juu ya mvua, nyingine juu ya treni iliyochelewa. Ya tatu nilikaa nayo mpaka msimamizi wa mtihani akaanza kukusanya karatasi. Naiandika hapa kama nilivyoiandika kule:

Benché io non ti abbia ancora perdonato, ti mando i compiti.

Kwa ajili ya mama, atakayeuliza nilikuandikia nini, naiweka na kwa Kiswahili: ingawa bado sijakusamehe, nakuletea kazi yangu ya nyumbani.

Sina hakika kama kitenzi nimekiweka sawa. Kalamu ya kijani najua unayo karibu na mto. Jamiru atafika kwako kesho asubuhi na atasubiri mlangoni, nimemwambia asiondoke upesi. Sihitaji barua. Nataka karatasi tu irudi.

Mwanafunzi wako,
Auleria Josephat