Kinga Yako Nimeikata, Baba

Baba,

Kinga yako nimeikata. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa mwingine, maana hata huko uliko mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi hakosi kufika na habari. Ile baiskeli uliyokuwa unaiosha kabla wewe mwenyewe hujaoga, iliyolala ndani huku viatu vyetu vinalala nje, fundi Ramadhani ameikata vipande kwa amri yangu. Siombi msamaha. Nataka tu ujue sababu.

Siku ya arobaini yako, watu walipokwisha kula na kuondoka, Baba mdogo alituketisha sebuleni. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Kinga ingekwenda kwa mwanawe, afanye nayo taksi. Mimi, na miguu hii isiyonibeba tangu kuzaliwa, ningekwenda Gatumba kwa Shangazi, Jumamosi, na godoro langu, nikatunzwe. Alisema kwa upole, Baba, huku analia. Si mtu mbaya, na ndiyo shida yenyewe. Mtu mbaya ningejua la kumjibu. Akamaliza kwa kusema familia itasaidiana kuubeba mzigo.

Masikio yaliniwaka moto. Unamkumbuka yule kijana wa sokoni, siku ulipokuwa unanipeleka shule, nimefungwa kwa mipira nyuma yako kwenye kile kiti cha plastiki ulichokikata miguu? Alikupigia kelele kwamba bagaje yako, yaani mzigo wako, inataka kuanguka. Ulifunga breki, ukageuza, ukamrudia polepole mpaka akaanza kutafuta pa kukimbilia. "Huyu ni mutoto," ulimwambia. "Bagaje iko mu kichwa yako." Tangu siku hiyo neno hilo lilikufa nyumbani kwetu. Hata kile chuma cha nyuma cha kinga, ambacho dunia nzima inakiita portebagaje, wewe ulikiita kiti cha Mwajuma. Ulikuwa unaingia duka la spea la Mwarabu na kuomba nati ya kiti cha Mwajuma bila haya yoyote, na akawa anajua akupe ipi.

Kwa hiyo nilimwambia Baba mdogo apana. Alidhani sijaelewa. Akaanza upya, neno moja moja, kwa ile sauti wanayotumia watu wakishaona miguu yangu wakafikiri na masikio hayafanyi kazi. Nikarudia: apana. Nikamweleza kwamba Gatumba maji yakija watu hukimbia, na mimi sikimbii. Kwamba cherehani yangu iko hapa barazani, na watu wanaonijua kwa kazi yangu wako hapa. Kwamba nikishawekwa kwenye chumba cha uani kwa Shangazi, sitatoka tena mpaka siku ya jeneza. Akasema tutaongea Jumamosi gari likija. Yaani hatutaongea.

Kesho yake nikamwita fundi Ramadhani. Rafiki yako alikataa, Baba. Aliishika kinga yako usukani akasema niiuze, nimpe mtu, niitundike ukutani, chochote, lakini hii ya Saidi yeye haikati. Nikamuuliza ikiwa ukutani itanipeleka wapi. Akasema bismillahi, akawasha mashine. Sikufumba macho. Nililia sana, na kila alipotaka kuacha nilimwonyesha kwa kidole aendelee. Vipande akaviunga upya: pedeli zako sasa ziko mbele ya kifua changu, nazizungusha kwa mikono, na mikono ninayo, cherehani imenipa. Magurudumu matatu, breki mbili, na rangi yako vilevile na mikwaruzo yake.

Ijumaa asubuhi, kabla gari lao halijaja, nikashika njia ya Gatumba. Ndiyo, huko huko. Ile njia yetu ya Jumapili, tulipokuwa tunatoka bila shughuli yoyote, nakuuliza tunakwenda wapi na wewe unasema tunaenda tu. Safari hii nilikuwa na ninapokwenda. Malori yalinipigia honi. Vijana wa baiskeli wenye makaa walinipita wakipiga mbinja. Mmoja alinyoosha mkono anisukume, nikamwambia aendelee na safari zake. Kufika daraja la Rusizi viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Nikachana pindo la kitenge, nikavifunga, nikaendelea.

Shangazi alikuwa uani anaanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Aliniona, kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, akitafuta mtu.

"Nani amekuleta?"

"Hakuna mutu. Nimekuja."

Akatazama barabarani tena. Halafu akakaa chini mchangani, dada yako mkubwa na heshima zake zote, akacheka mpaka akalia. Ukutani nyuma yake alama ya mafuriko bado ipo, juu ya dirisha. Aliona ninavyoiangalia. Alinilisha, akanipaka mafuta viganjani, kisha akampigia simu Baba mdogo mbele yangu. "Ule mutoto usimulete," alimwambia. "Amekuja mwenyewe na anarudi mwenyewe." Jumamosi gari halikuja.

Wakati wa kurudi, baada ya daraja, nilimruhusu kijana mmoja anisukume kidogo. Hilo Baba mdogo asilisikie.

Nilipofika nyumbani sikuweza kushika hata kikombe cha chai. Ndipo nikakukasirikia, Baba, mara ya kwanza tangu ufe. Jumapili zote zile ulinipeleka na kunirudisha, unapiga stori, unacheka, unanionyesha viboko majini, na hata siku moja hukuniambia kwamba njia ile inachosha. Mimi nyuma yako nilidhani barabara ni upepo tu.

Sasa najua. Allah akupokee vizuri kuliko sisi tulivyokusindikiza. Nakuahidi hakuna atakayenibeba tena bila mimi kumwomba. Wewe pumzika. Kuchoka, nitachoka mwenyewe.

Binti yako,
Mwajuma