Mwanangu Alinisalimia Kama Mgeni

Jumamosi, Bangwe. Mawingu yamejazana juu ya milima ya Kongo kule ng'ambo ya ziwa tangu asubuhi, lakini mvua haishuki. Joto la kunata. Naandika jua likielekea kuzama.

Leo nimemwinulia mwanangu rula.

Niseme yote kabla sijaanza kujitetea. Yusra ana miaka miwili na miezi michache. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na leo nilikuwa namalizia gauni la sendofu la binti mmoja wa Ujiji. Satini ya rangi ya maziwa, kitambaa cha kuteleza kinachomtesa fundi mpaka anajiuliza kwa nini hakusomea ualimu. Nililitundika mlangoni nilipige pasi. Yusra alikuwa uani anakula ugali wa muhogo na dagaa walioungwa kwa mawese, na mama yangu, ambaye yuko kwetu wiki hii kutoka Kidahwe, alikuwa anaosha vyombo pembeni yake. Nikainama kuchomeka pasi. Nilipoinuka, mtoto kashaingia ndani na kalikumbatia gauni. Kalikumbatia kwa mikono yote miwili, shavu kalilaza humo, kafumba macho kwa raha zake.

Anayeyajua mawese hahitaji kuelezwa. Doa la mafuta hayo mekundu halitoki.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamvuta kwa nguvu, na mkono wangu ukaokota rula ya mbao mezani ukapanda nayo juu.

Naona nimeandika "mkono wangu", kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ni mimi niliyeinua.

Sijawahi kumpiga Yusra, lakini alielewa kinachokuja. Alijikunja, akaweka viganja vyake vyekundu juu ya kichwa, akanyamaza. Huyu ni mtoto anayelia nusu saa akinyang'anywa kifuniko cha chupa. Leo hakutoa hata sauti.

Rula nikaiacha idondoke. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, povu mikononi. Nikamwambia amshike mtoto, nikatoka, sikukumbuka hata kandambili.

Laiti ningeweza kusema nilijuta papo hapo. Wapi! Njia nzima ya kushuka ziwani nilikuwa bado nalaumu. Nilimlaumu mtoto, nikamlaumu mama kwa kutomwangalia, nikamlaumu baba yake aliyekwenda Kasulu kikazi, nikailaumu mpaka satini yenyewe. Nilipofika majini nikanawa uso, nikakaa juu ya jiwe, na hapo ndipo nilipolia.

Hasira naijua. Nimezaliwa nayo, kwetu sote midomo haina breki. Kilichonipata pale kwenye jiwe kilikuwa kitu kingine. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikirudi Yusra atajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, anichungulie kama anavyowachungulia watu asiowajua. Kwamba kuanzia leo atakuwa na mama wa kumkimbia. Nikachelewa makusudi, mtu mzima mimi, namwogopa mtoto wa miaka miwili.

Nilipopanda tena nyumbani nilimkuta amekaa kizingitini. Aliponiona alisimama. Nami nikasimama. Sikujua nianze vipi, kwa hiyo nilichuchumaa tu palepale mchangani.

Akaja. Akanishika mikono yangu yote miwili, juu kidogo ya viwiko, akaanza kunipapasa polepole, kwenda juu, kurudi chini, akasema, "Mwidiwe."

Kwa wasioifahamu salamu hii yetu sisi Waha, niwaeleze. Mtu akirejea, hata kama alikwenda kuchota maji tu, anapokewa. Mnashikana mikono, mnapapasana, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mbuzi, na hakuna anayemharakisha mwenzake. Mimi mambo hayo nimeyakimbia tangu nihamie mjini. Mama akinianza huwa namwambia tumeshasalimiana, mama, chai inapoa. Sikujua kwamba wiki hii nzima, mimi nikiwa nimeinamia cherehani, alikuwa anamfundisha mjukuu wake.

Yusra hajui kuuliza habari za shamba. Anajua za mbuzi. Akanitazama usoni, makini kabisa, mikono yake ikiendelea kunipapasa, akaniuliza kama mbuzi ni wazima.

Nilitaka kumkumbatia, nimwombe radhi, nimlilie begani. Mama akasema kwa sauti ya chini kutoka ndani, "Mwitikie kwanza. Hajamaliza."

Nikaitikia. Nikasema mbuzi wazima. Akauliza tena, nikajibu tena. Nyumba yetu haina hata kuku.

Nimeduwaa tangu saa ile. Mimi ndiye niliyemtisha, mimi ndiye niliyetoka na kumwacha, na yeye ndiye aliyenipokea. Hakuniuliza nilikuwa wapi wala nimerudi na sura gani. Alinianza upya, kana kwamba mimi ni mtu aliyetoka safari ndefu na anayestahili kupokewa vizuri. Sijui ni moyo wa namna gani unaokaa kwenye kifua kidogo kiasi kile. Nimeshawahi kuona ziwa likichafuka na kutulia, nimeshika watoto wachanga wa ndugu zangu dakika chache baada ya kuzaliwa, lakini jambo la leo limenizidi. Nimemwomba radhi baadaye, kwa maneno. Akanijibu kwamba anataka maji.

Gauni nitalibadilisha upande wa mbele. Binti mwenyewe nimempigia simu nikamweleza ukweli. Amenuna, na ana haki ya kununa.

Ningependa kuishia hapa, lakini kuna moja nalificha. Baada ya chakula niliinua mkono kumfuta Yusra kamasi, akafumba macho. Hakukimbia. Alifumba tu, kwa nguvu, akasubiri.

Mkono niliuacha palepale hewani, sikuusogeza. Alipofumbua akautazama, akaushika kwa mikono yake miwili, akaushusha hadi puani, akajifuta nao mwenyewe.

Kesho asubuhi nitauinua tena, kumchana nywele, kumvalisha gauni lake la kutokea. Nitauinua polepole. Na keshokutwa vilevile, hata ikichukua mwaka, mpaka siku atakayouona unapanda na macho yake yabaki wazi.