Miguu Yangu Haikusikia Moto

Alhamisi. Ukungu umelalia majani chai tangu asubuhi, na mimi ninaogopa. Naandika hivyo hivyo, sina haja ya kupamba.

Jana nilitoka kuchuma chai nimelowa. Nikavua gambuti, nikanyoosha miguu karibu na moto, vile sisi watu wa baridi tunafanya kila jioni. Usingizi ukanichukua. Kilichoniamsha ni harufu. Nikafikiri ni soksi inaungua.

Ilikuwa soksi, na mguu ndani yake.

Haikuuma. Hata sasa haiumi. Hiyo ndiyo inanitisha.

Nina ugonjwa wa sukari. Siku hizi kliniki si daktari peke yake, wanakushika wengi kama timu. Mmoja anapima damu. Mwingine anauliza ugali wako ni mkubwa namna gani, utafikiri yeye ndiye anasonga. Nesi anaangalia kama miguu bado inahisi, maana sukari huitia ganzi. Chelang'at, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, anasikiliza yote ili aje kukusumbua nyumbani.

Wiki iliyopita nesi aliniambia, "Kogo, funga macho. Nikikugusa na hii uzi, sema."

Mimi, kogo, yaani nyanya mzima, nifanyiwe mchezo wa watoto? Nikafungua jicho moja. Kila akigusa, nasema ndiyo.

"Kogo, hii ni miguu ya msichana!"

Nikarudi nyumbani nimeinua shingo. Mjinga mimi. Timu nzima ilipanga matibabu yangu juu ya uongo.

Jirani yangu alianza na kidonda kidogo cha kidole. Sasa gambuti yake moja inakaa bure nyuma ya mlango.

Nimeficha mguu mchana kutwa. Jioni hii nimeshindwa, nikampigia Chelang'at simu, akaja. Huyo msichana ana mdomo kuliko redio. Ameinama, ameangalia lengelenge, amenyamaza. Afadhali angenigombeza. Kisha akampigia nesi simu, akanigeukia.

"Asubuhi na mapema tunaenda, Kogo. Usitoboe. Na usipake siagi."

Siagi nilikuwa nimeshapaka.

Kesho nitasema mbele yao wote kwamba nilichungulia. Wacheke wakitaka. Aibu haijawahi kukata mtu mguu.

Maisha yangu yote nimeomba Mungu aniondolee maumivu: ya mgongo, ya kuzaa, ya magoti. Leo naomba kinyume. Baba, kesho nesi akigusa hapo, iniume. Iniume sana.