Nimeruhusiwa Kushika Spana Tena

Nachingwea, Jumatano, mwezi wa saba.

Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya kujifunga kanga mbili, ukungu umekaa mpaka saa tatu. Sasa ni alasiri, jua limechangamka, mikono yangu inanuka petroli, na nimekaa barazani kwa mama nikitabasamu peke yangu. Mama amepita mara mbili akiniangalia. Mara ya tatu ameniuliza kama niko sawa.

Nimeshinda! Hapana, ngoja. Si kushinda hasa. Nimeachiwa.

Niandike kwa utaratibu kabla furaha haijanichanganyia mambo.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni Salima, fundi wa mashine za kupulizia mikorosho. Zile za kubeba mgongoni, zenye injini, zinazorusha salfa ya unga mpaka juu ya mti ili ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua. Kwa miaka sita nilifanya kazi kwa Mzee Chilumba, mwenye duka la pembejeo na karakana hapa mjini. Nilifika kwake nikijua kushona nguo tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza injini na kujua kwa sikio kama tatizo ni hewa au mafuta. Hilo sitalikana popote.

Mwezi wa tatu niliacha kazi. Nilitaka kufungua karakana yangu Ruangwa, ambako mkulima akiharibikiwa inabidi aipakie mashine kwenye bodaboda ailete mpaka huku. Niliaga vizuri. Nilidhani niliaga vizuri.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Ilinikumbusha kifungu cha mkataba wangu: nikiacha kazi, nisitengeneze mashine za kilimo katika wilaya za Nachingwea, Ruangwa na Liwale kwa miaka miwili. Si kwa kuajiriwa, si kwa kujiajiri. Na saini yangu iko pale chini, ya msichana aliyekuwa na haraka ya kupata kazi. Sikukisoma. Na hata ningekisoma ningetia saini tu. Nani anabishana na kazi yake ya kwanza?

Miezi minne sanduku langu la spana limelala chini ya kitanda.

Nikarudi kwenye cherehani. Nikashona sare za shule, nikapunguza magauni ya watu, na kila injini iliyopita barabarani nilijikuta nimesimamisha mguu kuisikiliza.

Kuna jambo naona aibu kuliandika, lakini blogu hii niliianzisha ili nisijidanganye. Ni la Bi Somoe. Ni mkulima wa Nkowe, mama mtu mzima, mjane. Mikorosho yake aliipanda yeye na marehemu mumewe. Mwanzoni mwa mwezi uliopita alinipigia simu. Mashine yake imegoma, maua yameanza kutoka, na fundi pekee aliyebaki kwa Mzee Chilumba yuko Liwale, hajulikani atarudi lini.

"Mama, mimi siruhusiwi," nilimwambia.

"Nani kakukataza? Serikali?"

"Hapana. Mkataba."

"Sasa huo mkataba utakuja kunipulizia mikorosho?"

Nilicheka, na nilipokata simu nikalia. Sikwenda. Niliogopa kushtakiwa. Fundi alipofika Nkowe, zilikuwa zimepita siku kumi, na upande mmoja wa shamba la Bi Somoe maua yalikuwa yameshavaa ule unga mweupe na kukauka. Miti ile haitazaa kitu mwaka huu.

Ningeweza kuiokoa kwa nusu saa.

Ndipo nikapeleka malalamiko kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi. Rafiki yangu Tumaini alinisaidia kuyaandika. Tumaini ni mwalimu wa chekechea, na nilipomwonyesha kile kifungu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mkataba wake. Tukausoma pamoja mkekani. Kumbe na yeye akiacha pale haruhusiwi kufundisha shule nyingine yoyote ya wilaya hii kwa mwaka mzima. Mwalimu wa chekechea! Ataiba siri gani, wimbo wa kuhesabu vidole?

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukakunja, kila mmoja karatasi yake.

Haya, leo sasa.

Msuluhishi wa migogoro ya kazi alitoka Lindi mjini, tukakutana naye katika chumba kimoja cha ofisi za wilaya. Ni mama mpole, anaongea polepole, miwani ameifunga kwa uzi shingoni. Mzee Chilumba alikuja amevaa shati lake la harusini. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Miaka sita tumekunywa chai kwa sahani moja ya mihogo, na leo tunakaa pande mbili za meza.

Alisema: "Nilimchukua hajui plagi ni nini. Nikamlipia mafunzo Mtwara. Leo akafungue duka mbele yangu, awachukue wateja wangu? Nikimwachia huyu, nitamfundisha nani tena?"

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikuwa nimejiandaa kwa huzuni.

Msuluhishi akamuuliza, "Mzee, katika aliyojifunza kwako, lipi ni siri? Lipi ambalo fundi wa Masasi halijui?"

"Siri hakuna," akasema. "Ni ufundi tu."

Lakini hakulegeza. Mkataba ni mkataba, akarudia, na saini ni yangu. Saa nzima tukazunguka hapo hapo, mpaka msuluhishi akasema tutoke kwanza tupunge upepo.

Tukatoka. Na pale kwenye ngazi alikuwa ameketi Bi Somoe, vumbi mpaka kwenye kope, mashine yake ameibana kati ya miguu.

Sikumwita, naapa. Nilikuwa nimempigia wiki iliyopita kumwomba radhi, nikamtajia siku ya kikao. Mashine ilikuwa imegoma tena juzi, na upande wa pili wa shamba ndio kwanza unachanua. Akapanda bodaboda alfajiri kutoka Nkowe.

Wala hakuniangalia mimi. Alimtazama Mzee Chilumba, maana hao ni rika moja, wanajuana tangu zamani.

"Bwana Chilumba, mashine hii uliniuzia wewe, kwa mkono wako. Nitengenezee."

"Fundi wangu yuko Liwale, Bi Somoe. Wiki ijayo akirudi..."

"Maua nitayaambia yanisubiri mpaka wiki ijayo?"

Mzee aliinama akaigusa mashine, nikaona vidole vyake. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hawezi tena kushika skrubu ndogo. Ndiyo maana alinifundisha. Watu wachache wanalijua hilo, na mimi ni mmoja wao.

Akasimama. Akatazama barabarani.

"Salima. Ifungue."

"Bosi?"

"Nimesema ifungue, mwanangu. Spana ziko kwenye gari langu."

Jamani! Sijui niandike vipi. Nilipiga magoti pale chini na gauni langu la kikao. Kabureta ilikuwa imeziba, plagi imejaa masizi. Nikasafisha, nikapuliza, nikafunga. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Nikavuta kamba mara moja, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, watumishi wakachungulia madirishani, Bi Somoe akapiga kigelegele mbele ya ofisi ya serikali!

Mzee Chilumba aliinamisha kichwa akisikiliza. "Hewa imezidi," akasema.

Ilikuwa imezidi kweli. Nikapunguza.

Tuliporudi ndani, yeye ndiye aliyeanza. Alimwambia msuluhishi kifungu kile kifutwe, nifanye kazi ninapotaka. Kalamu ilikuwa tayari mezani. Ningeweza kutia saini nikaondoka zangu.

Lakini nilikuwa na langu moyoni, na sijawahi kuliandika hata humu. Siku yangu ya mwisho kazini nililipiga picha daftari lake la wateja. Kurasa zote, majina na namba za simu, Marambo, Naipingo, Nkowe, kote. Lilikuwa kwenye simu yangu miezi yote minne niliyokuwa nikijiita mwenye kuonewa.

Nikasema.

Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza leo. "Kumbe sikuwa naogopa bure."

"Hukuwa unaogopa bure, Bosi. Nisamehe."

Nilidhani yote yameharibika. Msuluhishi alivua miwani, akamuuliza Mzee kwa utulivu: je, hofu yako ni Salima kutengeneza mashine, au ni hili daftari? Mzee akasema ni daftari. Basi nikazifuta zile picha mbele yao, moja moja. Tukaandikiana kwamba kwa mwaka mmoja sitampigia wala kumfuata mteja wa daftari lile. Atakayenitafuta mwenyewe, ni hiari yake. Kuhusu mafunzo ya Mtwara, Mzee mwenyewe alisema kwa miaka sita nimekwisha kuyatumikia. Tukatia saini. Safari hii nilisoma kila mstari, mara mbili.

Tumaini ameshanitumia ujumbe anataka kujua: sasa serikali ivipige marufuku vifungu hivi au isivipige?

Nimelifikiria swali hilo njia nzima. Sikusomea sheria. Lakini nimeona leo kwamba kila alichokiogopa Mzee kilikuwa na dawa yake ndogo. Wateja wake wamelindwa kwa mstari mmoja. Mafunzo yangelindwa kwa kukubaliana nitumikie muda fulani. Kampuni yenye siri ya kweli, iilinde siri hiyo. Kumfunga mtu mikono wilaya tatu kwa miaka miwili kulikuwa kuua mbu kwa rungu, na rungu lenyewe likampiga Bi Somoe, ambaye hakutia saini popote.

Na mimi nilibahatika. Bosi wangu ana moyo, na mama wa Nkowe alikuja kumgusa moyo huo. Mlinzi, msusi, mwalimu wa chekechea, wao wategemee bahati kama yangu? Haki ya kufanya kazi isingoje mtu aamke vizuri.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ivipige marufuku. Jumamosi mimi na Tumaini tutakaa tumwandikie mbunge, na safari hii barua nitaianza mimi. Najua wapo wenye karakana watakaochukia. Waje tuzungumze, nitawasikiliza, maana swali la Mzee bado linanisumbua: nitamfundisha nani tena?

Kesho kabla jua halijachomoza natakiwa niwe Nkowe, maana salfa hupulizwa upepo ukiwa bado umelala. Bi Somoe ameniambia majirani wawili nao wana mashine zilizogoma, na wamenitafuta wenyewe, mkataba wa leo hauna neno! Kisha Ruangwa mjini nikatazame chumba cha karakana.

Siku moja nami nitaajiri fundi. Nitamfundisha kila ninachokijua, na siku moja atasimama mbele yangu aniambie anaondoka, anakwenda kufungua yake mtaa wa pili. Je, nitakuwa na moyo wa kumpa spana?

Sijui. Natamani kusema ndiyo, lakini leo nimejifunza kutosema nisichokijua.

Mama ananiita nikale. Nimemwambia nikinawa nakuja, ila hii harufu ya petroli naona uvivu kuitoa.