Kamera ya Mkono wa Kushoto

Jumanne, 8 Julai 2025
Miguu inawaka moto. Nimezunguka maduka yote ya mjini, nikamalizia mtaa wa Lizaboni, natafuta kamera ndogo. Iingie mfuko wa koti, ivute ndege aliye mbali, ione hata kwenye kanisa lenye giza. Ndivyo Baba Devota alivyokuwa akisema miaka yote: nikiacha kupiga picha za harusi za watu nitanunua kakamera kadogo, twende zetu Mbamba Bay ziwani, nipige ninachotaka mimi.

Harusi kaacha, ila si kwa kupenda. Tangu kiharusi cha Januari mkono wa kulia umelala tu pajani, na ulimi umekuwa mzito. Kamera yake kubwa iko msumarini, hataki hata niifute vumbi.

Kila duka wananiambia chukua simu, mama. Simu tulijaribu! Alipata picha tisa za dari na moja ya kidole.

Ijumaa, 11 Julai
Baridi na upepo. Nimemwogesha, nimefua, nimepika, nikarudi kwa Majaliwa, yule anayeuza kamera za mitumba Lizaboni. Kijana wa heshima, shikamoo yake haina haraka. Katoa tatu. Ya kwanza nene mno. Ya pili haivuti kitu. Ya tatu — ndogo, inavuta mpaka nikasoma bango la ng'ambo ya barabara!

Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Kitufe kiko kulia. Nikazirudia zile mbili. Kulia, kulia. Nikamuuliza, hakuna ya mashoto? Akacheka, akaona uso wangu, akaacha. Miaka sita anauza, hajawahi kuulizwa.

Nimerudi mikono mitupu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumapili, 13 Julai
Devota kapiga simu kutoka Dodoma. Eti mama mbona unajitesa, baba mwenyewe hataki kutoka. Kweli hataki. Tangu Januari hajavuka geti, hata Komunyo analetewa nyumbani. Wifi Kunegunda anatungoja Mbamba Bay Jumatatu ya tarehe 21, mimi nikitaja safari mwenzangu ananigeukia ukuta. Akakae ufukweni watu wamwonee huruma? Namjua. Akiwa na kamera atakwenda. Bila kamera hatoki, na mimi sitoki.

Sikumweleza Devota yote hayo. Nimechoka kueleza.

Jumatano, 16 Julai
Nimenunua ile ya tatu. Basi tu. Nikajisemea nitamshikia, yeye aseme piga.

Nikaiweka mezani. Akauliza kwa shida, ya nani? Yetu, nikasema. Akaisukuma. "Piga... wewe."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia mimi si mkono wako! Mungu anisamehe. Hajala.

Alhamisi, 17 Julai
Hatujasemezana. Uji kanywa.

Jumamosi, 19 Julai
Mchana nilisinzia barazani, beseni la mahindi mapajani. Nikashtuliwa na mlio — ka! Kumbe Baba Devota kaigeuza kamera juu chini! Kitufe kimeangukia kushoto, anakibonyeza kwa dole gumba, kaiegemeza kifuani. Maandishi kwenye kioo yako kichwa chini, hana habari nayo.

Nikapiga kigelegele, mahindi yakamwagika. Yeye hakucheka. Alikuwa anakitazama kioo. Akaninyooshea nione. Ni mimi. Mdomo wazi, mashavu yameingia ndani, shingo kama ya mama yangu siku zake za mwisho. Nikasema futa, aibu! Akairudisha kifuani.

"Lini... umekonda hivi?"

Nimezeeka tu, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Maneno yakamtoka moja moja. "Mbamba Bay. Nenda. Peke yako."

Na nani atakuogesha? "Devota. Aje."

Nikaanza kumfokea: miguu yangu nimeimaliza kwa ajili ya kamera hii, ili tutoke wote! Akaiinua tena, akanilenga. Ka. Ka.

Sasa ni saa kumi jioni. Begi liko wazi kitandani, nguo zake nimeshatia, zangu bado. Naandika haya hapahapa barazani kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia: aliposema niende peke yangu, kabla sijafoka, nilifurahi. Nilifurahi mno. Na alikuwa ananitazama kwenye kioo, nadhani ameona. Anangoja jibu. Kamera hajaishusha.