Mbuzi wa Kwandu na Kongosho la Baba Yake

Kwandu wangu amefaulu utabibu, shemeji Malimi! Bariadi nzima inajua nani kamzaa. Hamjambo huko Nyashimo? Sisi tumemaliza kuvuna pamba.

Tulipomchinjia mbuzi, baba yake akadai ini lote, ati limtibu ini lake. Kwandu akalinyanyua: "Hili kubwa jekundu hutengeneza nyongo na kutunza sukari. Lako zima, baba." Kisha akatoa kinyama chembamba, cheupecheupe, nyuma ya mfuko wa chakula: "Hili kongosho hutoa maji ya kusaga chakula, na insulini ya kushusha sukari. Lako limechoka."

"Basi nikaangie hilo!"

"Haliponyi likiliwa, baba. Ni sindano."

Mdogo wako anazidi kukonda, shemeji, na sindano haitaki mpaka wewe mkubwa wake umwambie. Njooni wote Jumamosi hii.

Mama Kwandu